Kibao cha Kijiji Chenye Kaya Moja

Ukungu haujainuka bondeni. Mama Vibao amepiga magoti kando ya barabara ya vumbi, anaipaka rangi nyeupe herufi ya kwanza ya jina la kijiji. Anapaka, anarudi nyuma kidogo, anainamisha kichwa, anapaka tena.

"Nikiharakisha, herufi inakaa kama imelewa," anasema.

Mwanamke huyu wa miaka hamsini na tisa ni mpaka rangi wa ofisi ya barabara, na jina hilo la utani alipewa na watoto wa shule. Wilaya yake ni pana na watu ni wachache. Juu kuna milima ya mashamba ya viazi, katikati uwanda wa nyasi unaokwenda mpaka macho yachoke, na chini mto usiotulia mahali pamoja.

Mto huo ndio ulioandika historia ya huku. Zamani ulipita mbele ya kijiji hiki, penye nyumba zaidi ya mia. Mwaka mmoja wa mvua kubwa ukajichimbia njia nyingine nyuma ya kilima. Watu wakaufuata, familia moja baada ya nyingine. Ulipopita zamani, nyasi bado ni kijani kuliko kwingine, mstari mrefu unaopinda kama mtu anayejigeuza usingizini.

Mwaka juzi, baada ya sensa, mhandisi alimwita. "Pale imebaki kaya moja. Kang'oe kibao."

Mama Vibao hakumwambia kwamba kaya hiyo ni ya shangazi yake, dada mkubwa wa baba, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Alichukua sururu akaenda.

Shangazi alimkuta ameshika nguzo ya kibao. "Umekuja kunisalimia au kunizika?"

"Nimetumwa kung'oa kibao, shangazi."

Mama mzee alikitazama kibao. Kisha akasema taratibu, "Gari la zahanati linasimama penye kibao tu. Kesho dereva mgeni akipita, atajuaje kama huku kuna mtu?"

Mama Vibao aliiweka sururu chini. Wakanywa chai mlangoni, wakitazama ile nyasi ya kijani. Shangazi alisema asubuhi nyingine huamka akisikia maji, na hana moyo wa kutoka nje kuhakikisha.

Aliporudi ofisini, alimwendea mhandisi moja kwa moja. "Sikuking'oa, bosi. Yule ni shangazi yangu, na anaumwa presha. Kama ni kazi, chukua."

Wiki iliyofuata mhandisi alikwenda mwenyewe, akakaa mlangoni kwa shangazi hadi jua likageuka. Aliporudi alisema neno moja tu: "Kibaki."

Gari la zahanati halijaacha kusimama. Msimu uliopita mpwa mmoja wa shangazi alihamia kijijini na mkewe, akalima penye mkondo wa zamani. Udongo ni mweusi, mahindi yakamzidi kimo.

Mwakani Mama Vibao anastaafu. Amekwisha kuonyeshwa kiwanja, jirani na mlango wa shangazi, na anataka kujenga vyumba viwili kabla ya mvua.

"Najua atanisumbua," anasema shangazi, akijifunga khanga vizuri. "Anakoroma huyu tangu mtoto. Lakini aje. Nimechoka kujijibu mwenyewe nikibisha hodi mlangoni kwangu."