Kitabu Nilichokitia Motoni

Ndugu wasomaji, namshukuru Mungu kwa uvumilivu wake, maana wiki hii nimeutumia vibaya.

Tangu tumzike binti yangu, wanawe wawili, Keza na Manzi, wanakaa nami hapa Gisenyi. Juzi niliwasikia chumbani.

"We shika moto, mi nitapasua maji," alisema Keza.

"Na mama je?" Manzi akauliza.

"Tukipata nguvu yote, tutamupata."

Mimi, mzee wa kanisa, nyumbani mwangu watoto wanaita wafu! Badala ya kuwauliza, niliita wamama wa chumba cha maombi. Tulifunga, tukakemea mapepo mpaka sauti zikakauka. Kitandani kwao nikakuta kitabu chenye picha ya watoto wawili, moto ukiwatoka viganjani. Nikakitia kwenye mbabula ya makaa, nikachemshia chai.

Jumapili nilisimama kutoa ushuhuda. Nikasimulia jinsi wajukuu wangu walivyofunguliwa, kanisa likapiga makofi. Kwa majivuno nikamwita Keza aje mbele ashukuru.

Akaja akilia.

"Babu, ile kitabu ni ya hadithi. Iko na sehemu nyingi, Mama alikuwa ananunua Goma moja moja. Zingine zote alitusomea hospitali. Akakufa tukiwa katikati ya hii ya mwisho."

Mchungaji akainama, akamuuliza taratibu, "Hadithi ya nini, mtoto wangu?"

"Ya kaka na dada wenye nguvu za ajabu. Wanatafuta mama yao." Akanigeukia. "Sasa hatutajua kama walimupata."