Ua la Dabaso kwenye Mkunazi

Marehemu mume wangu alikuwa na pua. Wenzake wakiingia msituni jioni kukagua mizinga, walifuata nyuki, yeye alisimama katikati ya njia, akafumba macho, akasema, "Liko hapa." Walimcheka, maana hapakuwa na kitu ila miti. Kisha wakalikuta: tawi lililoanguka, juu yake mmea usio na udongo, mizizi imeng'ang'ania gome, na ua jeupe lenye mkia mrefu mwembamba.

Wajukuu wasema laitwa okidi. Sisi hatukulijua jina. Yeye aliyaita kwa pale alipoyaokota. Hakung'oa yaliyo juu ya mti. Alichukua ya matawi yaliyoanguka tu, akaja akayafunga kwa kamba ya makumbi ya nazi kwenye mkunazi wetu wa uani, akayanywesha maji ya kuoshea mchele. La Jilore lilinukia ndimu. La Gede lilikuwa na haya. Ukilisogelea hupati kitu, ukienda zako lakufuata. La Dabaso lilinukia iliki na maziwa yanayokaribia kuchemka. Hilo ndilo lililokuwa langu. Likichanua alichuma moja, akanichomekea nyweleni kabla ya magharibi, mpaka tukazeeka na nywele zenyewe zikawa haba.

Sikusoma sana, lakini majina siyasahau. Wote walioingia uani siku aliyofariki kuchuma majani ya mkunazi ya kuoshea maiti yake nawakumbuka mmoja mmoja, na sitawaandika humu. Walivuta matawi, mimea yake ikatikisika. Nilitaka kusema, taratibu jamani.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hajifukizi udi, hajipaki mafuta mazuri, hatii asumini kichwani. Hayo nayajua tangu utoto, wala sikuyaonea uzito. Lakini mwezi wa pili, magharibi moja, nimekaa kwenye mswala, iliki na maziwa ikaingia dirishani. Tasbihi ikanisimama mkononi. Nilijua mume wangu yuko mlangoni. Sikugeuka, maana ningegeuka ningemkosa.

Kesho yake wifi yangu, dada yake marehemu aliyekuja kukaa nami, akanusa hewa.

"Wifi, wanukia."

"Sijapaka kitu."

"Kaka yangu hajamaliza miezi miwili kaburini, nawe wanukia kama biharusi."

"Ni ua lake, la mkunazini."

"Basi likate. Au wangoja mchumba kutoka Ngomeni?"

Tulitaniana tangu siku ya harusi yangu, lakini mara hii hakucheka, nami nikaogopa. Niliogopa eda yangu itaharibika, na marehemu huko aliko aaibike kwa ajili yangu. Nikampa mjukuu wangu mkasi.

"Hata haya ambayo hayajafunguka, Bibi?"

"Hata hayo."

Aliyaleta kwenye sinia nikayaona, kisha akaenda kuyafukia nyuma ya kisima. Magharibi ile dirisha lilikuwa wazi na hakuna kilichoingia.

Eda ilipokwisha nilimwendea mwalimu wa chuo cha Kurani, mwanamke msomi, nikamweleza. Alinisikiza hadi mwisho. "Mama, kilichokatazwa ni wewe kujitia manukato. Alicholeta upepo si dhambi yako." Nilimshukuru. Nikarudi nyumbani kwa miguu. Tuktuk zilinipigia honi nikazikataa. Nilitaka njia iwe ndefu.

Sasa ni miaka mitatu. La Jilore huchanua, la Gede huchanua. La Dabaso lina majani mazito na mizizi mipya, lakini halijatoa hata tumba moja. Nalinywesha maji ya mchele kama alivyofanya yeye. Na jioni nyingine, nikiwa kwenye mswala, iliki na maziwa huingia. Nilimuuliza mjukuu, "Wasikia harufu?" Akanusa. "Ya samaki wa jirani, Bibi." Sikumuuliza tena. Nilidhani ni uzee, au ni adhabu yangu, nikaificha.

Mwezi uliopita wifi alikuja kunitazama. Habari ya lile ua hatukuwahi kuigusa. Tulikaa uani tukichambua mchicha, akiyacheka meno yangu yaliyobaki. Adhana ya magharibi ilipoanza, mkono wake ukasimama.

"Wifi, umejipaka nini?"

"Sijapaka kitu."

Akautazama mkunazi. Upande wa la Dabaso kulikuwa na majani matupu. Akainuka na magoti yake yale mabovu, akaenda hadi chini ya mti, akaishika kamba ya makumbi penye fundo la kaka yake. Alisimama pale hata adhana ikaisha.

"Mimi ndimi niliyekwambia ulikate," alisema.

"Na mimi ndimi niliyetoa mkasi."

Akarudi, akaketi karibu nami kuliko mwanzo. Mchicha ulibaki mapajani mwetu. Hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba harufu imekwenda.