Vikao Sita kwa Mwaka

Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Tulimzika alasiri ile ile, na tangu siku hiyo mdogo wangu akaacha kuzungumza. Hakuwa amenuna. Alikula akilishwa, akalala akilazwa, ukimuuliza kitu anatikisa kichwa. Kazini kwake, ofisi moja ya mizigo ya bandarini, walimpa likizo na kutukumbusha, kwa fahari kabisa, kwamba bima yao inalipia hata mshauri nasaha.

Inalipia vikao sita kwa mwaka.

Kila Jumanne nilimpeleka mwenyewe kwenye chumba cha ghorofani mtaa wa Ndia Kuu, juu ya duka la vinyago. Mshauri alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Vikao vitano mdogo wangu alikaa akipindapinda ukingo wa baibui lake, asiseme neno. Mimi nilingoja kwenye ngazi. Siku ya kikao cha sita nikasikia sauti niliyokuwa karibu kuisahau. Alikuwa akitaja jina alilotaka kumpa mtoto, akalitaja tena na tena. Mshauri alipofungua mlango, macho yake yalikuwa mekundu.

"Sasa ndiyo tumeanza," akaniambia.

Wiki iliyofuata niliomba vikao zaidi, bima ikakataa.

Nikaenda ofisini kwao Kizingo, nyumba kubwa yenye bustani iliyokatwa vizuri na baridi ya kiyoyozi mpaka mlangoni. Nilipokewa na bwana mmoja mwenye tai, na ule upole ambao watu hufundishwa kwenye semina. Ripoti ya mshauri ilikuwa mbele yake.

"Mama, hapa imeandikwa mgonjwa ameanza kuzungumza."

"Ndiyo."

"Basi si amepona?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Na kama angebaki kimya?"

"Hapo tungesema tiba haimsaidii."

Alilisema hilo bila haya, kama mtoto anayesoma alichokariri. Nikamuuliza, basi anayestahili kusaidiwa ni nani? Akafungua kijitabu cha masharti.

"Akizidiwa, tuseme akajidhuru, Mungu aepushe, hapo akilazwa tunalipa. Hata miezi."

Alimtaja Mungu huku akilamba kidole ili afunue ukurasa. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yeye. Angekuwa mkatili ningemwelewa, maana mkatili walau anajua anachokifanya. Huyu aliniuliza kama ningependa chai.

Mshauri alimpokea mara mbili bila malipo, kisha akahamia Malindi kumuuguza mamake. Mdogo wangu akarudi kwenye ukimya, na baadaye akarudi kazini, ambako walimsifu kwa kutulia.

Januari kadi ya bima ikafunguka tena kwa vikao vingine sita. Mshauri mpya alikuwa binti mwenye fomu ndefu, na safari hii niliruhusiwa kuingia.

"Una watoto wangapi?" akauliza, kalamu tayari.

Mdogo wangu akaanza kupindapinda ukingo wa baibui lake. Yule binti akanitazama mimi, nami sikumsaidia.

"Mmoja," mdogo wangu akasema.

Kulieleza jibu hilo kulimaliza kikao kizima. Fomu haikufika hata nusu. Tulipokuwa tukitoka, ujumbe uliingia kwenye simu yangu. Bima ilitutakia mwaka wenye afya njema. Niliufuta mdogo wangu asiuone, nikampokea mkoba, tukateremka ngazi taratibu.