Kiboko Amehamia Kambini Kwetu, na Mimi Ndiye Niliyesema Kuko Salama

Admin, nifiche kabisa. Ukitaka kutaja mahali, sema tu ni kando ya ziwa, Naivasha. Huku tunajuana wote.

Mimi ni mama wa watoto wawili, niko na miaka thelathini na sita. Nilifanya kazi kwa shamba la maua miaka tisa mpaka wakatupunguza. Aliyenishika mkono wakati huo ni shemeji yangu, kakake mkubwa wa bwanangu. Yeye ndiye mwenyekiti wa umoja wetu wa biashara, na kila mtu anamwita Chairman. Hata nyumba tunayoishi iko kwa ploti yake.

Huo umoja ndio umetulisha. Mgeni akishuka kwa mashua, mwenye mashua anampeleka kwa mwenye baiskeli za kukodisha. Akirudi na njaa, anakula samaki kwa akina mama. Akitaka kupanda mlima, kuna watu wetu wa kumpeleka, na akichoka analala kwa hema zetu pale kambini. Hakuna kunyang'anyana wateja. Njia ya mlimani tulifyeka pamoja na panga zetu, vyoo tukachimba pamoja. Mimi ni katibu. Simu ya kuitisha nafasi inakaa na mimi.

Sasa maji ya ziwa yalipanda, yakameza nyasi zote za chini ambazo viboko walikuwa wakila. Wiki tatu zilizopita, ndio kumepambazuka, nilikuwa nimeweka chai kwa jiko la kambi. Baba Kevo, huyo wa kupeleka wageni mlimani, alikuwa anakunja hema. Wageni walikuwa wameondoka jana yake, namshukuru Mungu. Nikasikia matete yakivunjika. Kiboko jike akatoka, mtoto wake nyuma, na hakupiga kelele hata kidogo. Sikujua mnyama mkubwa hivyo anaweza kukimbia namna hiyo. Alimgonga Baba Kevo mara moja tu, akamrusha kwa waya wa ua. Niliusikia mguu ukivunjika. Nilirudi nyuma nikagonga jiko. Chai ilinimwagikia miguuni na sikuhisi mpaka baadaye.

Saa sita tukaitwa mkutano. Chairman akasema, "Watu wangu, likizo ndiyo hii. Hii maneno ikitoka, kambi inafungwa. Kambi ikifungwa, mashua zinalala, baiskeli zinalala, akina mama wanazima jiko. Baba Kevo ameanguka na boda." Kisha akanigeukia. "Katibu, andika hivyo kwa grupu yetu ya WhatsApp."

Nikaandika. Vidole hivi vyangu.

Nilijaribu kusema tuhamishe hema juu, kwa ule uwanja wa karibu na barabara. Akacheka kidogo. "Nani atatoka Nakuru aje alale kando ya lami?"

Nilienda hospitali kumwona Baba Kevo. Mguu umefungwa mpaka kiunoni. Akaniambia, "Mama, waseme nilianguka na boda, sawa, mimi nimekubali. Umoja ndio unaangalia watoto wangu. Lakini yule kiboko ana mtoto mdogo. Hatatoka pale." Nilitoka bila kuaga vizuri.

Jumatatu simu ikalia. Ni mwalimu wa shule moja ya Nakuru, analeta watoto wa gredi ya sita kulala kambini Ijumaa. "Madam, wazazi wameniuliza kuhusu wanyama. Niwaambie nini?" Chairman alikuwa amekaa hapo mbele yangu, na simu nilikuwa nimeiweka kwa sauti ya juu. Nikajibu, "Mwalimu, kuko salama kabisa. Tuna walinzi." Akanishukuru, akaniombea baraka.

Jana asubuhi nilienda kuangalia matope ya pale mbele ya hema. Nikakuta nyayo, kubwa na ndogo, zimekuja mpaka kwa kamba. Nilikimbia kuchukua simu nipige picha. Kurudi, nikapata mahali pote pamefagiwa. Mama mmoja wa samaki, rafiki yangu wa miaka mingi, alikuwa amesimama na ufagio. Nikamuuliza, "Na wewe pia?" Akasema polepole bila kuniangalia, "Dada, mimi niko na watoto." Hapo ndipo niliogopa kweli. Kiboko namwogopa, lakini sasa nawaogopa hata watu tuliokula nao.

Nilimfuata shemeji nikamwambia nitampigia mwalimu. Hakunifokea. Alisema tu, "Piga. Lakini kila mtu hapa atajua ni nani alizima jiko lake. Na ujue pia mtaenda kulala wapi." Bwanangu naye anasema niwachane na hiyo maneno, eti ni usiku mmoja tu na wanyama hawaji kukiwa na kelele za watoto. Niliwahi kupiga namba ya watu wa wanyamapori, ikaita mara mbili, nikakata.

Leo ni Jumatano. Saa nne asubuhi mwalimu amenitumia orodha ya majina ya watoto ili niwapange kwa hema. Ni thelathini na mmoja. Kando ya jina la msichana mmoja ameandika: "Huyu hajawahi kulala nje ya kwao. Tafadhali mweke karibu na wewe."

Nikisema, nimevunja kitu ambacho watu walijenga kwa jasho, na sina pa kwenda. Nikinyamaza, sijui nitamwangalia nani machoni Jumamosi. Wenye hekima, wazazi, hata wewe uliye na mtoto gredi ya sita, nifanye nini? Msiningojeshe mpaka kesho.