Tarumbeta ya Jioni

Ngoja nikuambie upumbavu wangu mapema, kabla binti yangu hajakuambia. Alinialika kwake Ulaya, mimi ambaye nikifika Miti tu, hapa karibu na Bukavu, nasema nimesafiri, akanipeleka kutembelea muji wa zamani wenye kuzungukwa na ukuta wa mawe. Tukapita malango mazito, tukaingia kanisa lililojaa malaika wa dhahabu, mashavu yamevimba kama watoto wa tajiri. Tulipotoka nje, pale uwanjani, jua linazama, tarumbeta ikalia juu ya munara.

Nikasimama wima. Kofia mukononi, mabega yamekauka. Watu wakanipita wakilamba krimu zao za barafu. Binti yangu akarudi mbio:

«Papa, uko mugonjwa?»

Ningemueleza nini, yeye aliyezaliwa nyuma ya mambo yale? Lakini wewe wa rika langu unajua. Zamani za Zaïre, kule kwetu Nyalukemba, bendera ikishushwa firimbi ililia, na kila mutu aliganda pale pale, hata maman mwenye beseni la samaki sambaza kichwani. Aliyetikisika, askari walimuita.

Jioni moja koko, mama ya papa, alinituma kuomba moto kwa jirani. Kiberiti, kwake, ilikuwa kiburi cha watu wasio na majirani. Narudi na makaa juu ya kipande cha nyungu, nikiyapuliza, firimbi hiyo! Kigae kikaanza kuchoma vidole. Nikitupa, maharagi ya koko yanalala mabichi na sisi tunalala njaa. Nikitikisika, askari yule pale. Machozi yalitembea yenyewe, mimi sikutembea.

Firimbi ya pili, ile ya kuruhusu watu kutembea, ilipolia, nilikimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Makaa yakaingia chini ya nyungu, vidole ndani ya maji. Ah, maji yale! Koko akanipaka mafuta ya mawese, akasema: «Moto ikifika, haiulizwe ilipita wapi.» Maharagi yale, yenye harufu ya moshi, sijayapata tena. Koko hayuko, firimbi haiko, hata jina la inchi haliko.

Kule uwanjani nilingojea ruhusa ya kutembea, mpaka binti yangu aliponishika mukono. Hakuna aliyeniita. Nilitoa pumzi ndefu, nikacheka peke yangu kama kichaa.

Niliporudi Bukavu nilimusimulia maman jirani mambo yote, nikasimama katikati ya nyumba yake kumuonyesha namna nilivyoganda. Hakucheka. Akasukuma sahani mbele yangu:

«Ile Zaïre ilikufaka, papa. Ikala, ukule.»