Mjusi Kafiri wa Dukani kwa Mama Hansa

Nikisikia harufu ya vile vijiti vya udi vya Kihindi, mpaka leo moyo hunienda mbio. Harufu hiyo niliizoea Maili Moja, dukani kwa Mama Hansa, Mhindi aliyekuwa akiuza vitambaa. Mama yangu alishonea nguo barazani kwake. Nilikuwa na miaka minane, na nikitoka shule nilipitia pale kuokota vipande vya kumvika mwanasesere wangu.

Sasa jamani, kwetu Kisarawe mtoto akimuua mjusi kafiri anasifiwa. Bibi alitufundisha kwamba ndiye aliyeupuliza moto aliotupiwa Nabii Ibrahim uzidi kuwaka, kwa hiyo ukimpiga mara moja akafa, thawabu zako tele. Tulikuwa tukishindana! Basi siku moja nikamwona mmoja amejibandika ukutani, karibu na taa ndogo ya mafuta ya Mama Hansa ya kuombea. Nikavua ndala, paa! Mkia ukadondoka, bado unachezacheza.

"Nimepata thawabu!" nikapiga kelele.

Mama Hansa alikuwa mtu wa utani, lakini uso ulimbadilika. Akamwokota yule mjusi kwa karatasi, taratibu mno.

"Alikukosea nini?" akaniuliza. "Huyu alikuwa na roho kama wewe. Ukitenda, kitendo hakipotei, kinakufuata. Sisi tunaita karma."

Aliyasema kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Mama, mimba ikiwa imeshakuwa kubwa, alicheka tu akaendelea kukanyaga cherehani.

Siku ya tatu mama akaanguka palepale barazani, miguu imevimba, macho yamegeuka. Wakampakia kwenye teksi kumkimbiza hospitali, mimi nikaachwa kwa Mama Hansa. Wallahi niliogopa. Niliogopa mpaka nikajikojolea, msichana mzima wa darasa la pili. Nilijua kabisa kwamba karma imekuja kunitafuta, ikanikosa, ikamkamata mama pamoja na mtoto aliye tumboni. Kila gari liliposimama nje nilidhani wanaleta maiti.

Chakula alichonipa Mama Hansa sikukigusa. Kesho yake nikashindwa kuvumilia, nikamwambia Mama Hansa, "Mimi ndiye ninayemuua mama. Iambie karma inichukue mimi."

Akakaa chini sakafuni, akanivuta kifuani.

"Hapana, mwanangu. Kosa lako haliendi kwa mama yako. Tena wewe ulifundishwa hivyo, ukadhani unatenda jema. Mimi mtu mzima nilijua ninachosema, na nikakutisha kwa hasira. Nisamehe."

Mtu mzima kuniomba mimi msamaha! Sikumwamini hata kidogo. Nikaona ananibembeleza tu ninyamaze.

Mama alirudi wiki iliyofuata na mdogo wangu wa kiume, mwembamba lakini ana sauti ya kuamsha mtaa. Nikashukuru Mungu, nikacheza, nikasahau.

Mpaka nilipokuwa nami nimeshazaa ndipo mama aliponisimulia jambo nililofichwa. Siku zote zile alizolazwa, Mama Hansa hakutia chakula kinywani. Alifunga, na mimi nikishalala alikwenda kukaa mlangoni pa wodi akilia, akimwomba radhi mama kwa maneno aliyoniambia mimi. Aliamini kitendo kilichomfuata mama mpaka hospitali ni chake yeye, si changu.

Mimi nilikuwa nimejikunja chini ya meza yake ya kukatia vitambaa, nikidhani katika duka lile anayeogopa ni mimi peke yangu.