Nimekarabati nyumba ya wakwe niiuze, kumbe baba mkwe naye ni mgeni pale

Admin, ukiposti usiweke jina langu wala shule ninayofundisha, nusu ya walimu wenzangu wanafuata ukurasa huu. Nina miaka 44, ni mwalimu wa hesabu sekondari hapa Morogoro (hilo la hesabu mtacheka mkifika mbele). Kwetu ni Njombe. Nimeoa Mluguru, tuna miaka kumi na sita ya ndoa na watoto watatu.

Wakwe zangu wanaishi Bigwa, kule mlimani. Nyumba aliijenga baba mkwe mwenyewe zamani, tofali za kuchoma, bati zimeoza kwa kutu, mvua ikinyesha mama mkwe anatandaza masufuria chumbani. Lakini ukisimama barazani unauona mji wote, na watu wa Dar wanatafuta sana sehemu kama hizo. Nikamwambia baba mkwe, "Mzee, niikarabati, tuiuze milioni sitini. Nyinyi mchukue thelathini mjenge Mikese, penye tambarare, magoti yapumzike. Thelathini nyingine nitoe gharama zangu, kinachobaki kiwe changu."

Akasema, "Uza tu, mwanangu. Nimeijenga kwa mikono yangu hii, nani wa kunizuia?"

Kwetu baba akishasema hivyo, maneno yameisha. Nikapiga hesabu: bati, mbao, madirisha ya alumini, vigae, rangi, fundi. Milioni kumi na nne, faida kumi na sita. Nikauza kiwanja changu cha Kihonda kwa milioni kumi na mbili, nikakopa kumi kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa. Wakwe wakahamia kwangu kwa muda.

Tulipoezua tukakuta mbao zote zimeliwa na mchwa. Halafu lori la mchanga linaishia darajani, kuanzia pale kila kitu kinapanda kwa kichwa na wabebaji wanalipwa kwa ndoo. Hilo sikuwa nimeliweka kwenye hesabu zangu. Mpaka kitasa cha mwisho kinafungwa, nilikuwa nimetumia milioni ishirini na moja na laki sita. Faida ikabaki nane na laki nne, nikasema si haba. Kila jioni nilikuwa namsomea mke wangu bei za siku hiyo, naye ananichagulia rangi ya vigae.

Mnunuzi akapatikana, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuandikishana. Mwenyekiti akatuangalia, akauliza, "Kaka yake mama mkwe wako yuko wapi?" Nikasema mwenye nyumba ni huyu mzee hapa. Akacheka kidogo. "Mwalimu, mzee huyu alioa tu hapa. Ardhi hii ni ya ukoo wa mkewe." Baba mkwe akawa anaangalia viatu vyake.

Kesho yake mjomba wa mke wangu akashuka kutoka milimani. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionimaliza. "Mkwe wetu, hatuna ugomvi na wewe. Ardhi ya ukoo inakwenda kwa dada zetu na watoto wao, haiuzwi. Ulichoweka juu yake ni chako. Ukitaka kung'oa, ng'oa." Mnunuzi, aliyekuwa amerudi tumalizane, akapanda gari lake akaondoka.

Nyumbani nikamuuliza mke wangu kama alikuwa anajua.

"Nilijua. Mama anakuheshimu, hawezi kukaa na wewe aongee mambo hayo. Alinituma nikwambie kabla hujauza kiwanja. Sikukwambia."

"Kwa nini?"

"Nimekuomba bati za mama miaka mitano, ukasema hela hakuna. Ulipoona faida, hela ikapatikana. Ningekwambia ukweli, ungeweka hata bati moja?"

Jibu ninalijua. Nisingeweka.

Sasa ni miezi miwili. Sijafoka wala sijalia. Naingia darasani, nafundisha, narudi, nakula. Mshahara unakatwa deni, naangalia meseji, nafunga simu. Hata hasira naitafuta siioni. Mke wangu ananipikia vizuri kuliko zamani, tena ananiuliza kama chumvi imekaa sawa. Namwambia imekaa, lakini nikiulizwa nilichokula sikumbuki. Naumia, najua naumia, ila ni kama anaumia mtu mwingine.

Wakwe wamesharudi Bigwa. Fundi kapata mtu anayetaka bati, madirisha na milango kwa milioni nane. Vigae vikibanduliwa vinavunjika, kwa hiyo hivyo vimeliwa. Anataka kwenda kung'oa Jumamosi hii, anasubiri niseme ndiyo. Na masika ndiyo imeanza.

Jana mama mkwe amenipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimuoe binti yake.

"Mwanangu, nimesikia fundi wako anakuja Jumamosi. Vitanda nimeshavitoa, nimevipeleka jikoni nje, wasipate tabu. Ila waambie waje mapema, mchana mvua inakuwa kubwa."

Akakata.

Wenzangu, hasa mliooa Uluguruni, nishikeni mkono. Fundi amepiga mara tatu leo, sijapokea. Akipiga tena nimwambie nini?